Norma Nattrass na Winchi ya Eddershaw

Ndugu waombolezaji, majirani wa Eddershaw, na ninyi mliotoka Low Brockley ambao mmekaa viti vya nyuma ingawa mbele kuna nafasi, mimi ni Edwin Nattrass, mume wa marehemu, na familia imenipa kazi ya kusoma historia ya maisha yake, kwa sababu yeye mwenyewe aliagiza hivyo, akisema kwamba Colin atalia na Judith atasoma haraka mno.

Marehemu Norma Nattrass, aliyeitwa Norma Gowland kabla ya ndoa, alizaliwa siku ya Jumatano, tarehe 9 Machi 1949, katika nyumba namba 14 ya Mtaa wa Tatu, hapa Eddershaw, mkoa wa Durham, akiwa mtoto wa pili kati ya watoto wanne wa Bwana Septimus Gowland na mkewe Hilda, na wa mwisho kati ya hao wanne kuwa hai. Baba yake alifanya kazi chini ya ardhi katika mgodi wetu wa makaa ya mawe tangu akiwa na miaka kumi na minne, na kuanzia mwaka 1956 hadi 1970 alikuwa mwendeshaji wa winchi kubwa iliyovuta matoroli ya makaa kwa kamba ya chuma, kutoka mahali wachimbaji walipokuwa wakikata makaa hadi chini ya shimo, umbali wa mita 1,340, na nautaja umbali huo kwa sababu niliupima mimi. Wanaume wa Eddershaw waliiita winchi hiyo Bella, na shirika la makaa liliiita namba 1174.

Norma alisoma shule ya msingi ya hapa kijijini kuanzia mwaka 1954 hadi 1960, akafaulu mtihani wa kuingia shule ya sekondari ya wasichana mjini Durham, akasoma huko miaka mitano akienda na kurudi kwa basi la saa moja na dakika kumi asubuhi, na mwalimu mkuu alimwandikia baba yake barua mbili kumwomba amwache aendelee hadi chuo kikuu, lakini nyumba ilikuwa na wadogo wawili na mama mwenye kifua kibovu, hivyo mwaka 1965 alitoka shule, akasomea upigaji chapa jioni, akapata cheti chake Juni 1966. Katika miaka yote ya ndoa yetu sikumsikia akilalamika juu ya jambo hilo, ila mara moja, nilipokosea kutaja mwaka wa vita fulani, aliniambia, "Na wewe ndiye waliyempeleka chuo."

Tarehe 4 Julai 1966 aliajiriwa katika ofisi ya mitambo ya shirika la makaa, na kazi yake ilikuwa kadi. Kila mashine ya migodi ya wilaya hii ilikuwa na kibati chenye namba, kila namba ilikuwa na kadi yake, na mashine ilipohamishwa kutoka mgodi mmoja kwenda mwingine, karani aliandika ilikotoka, ilikokwenda na tarehe, akatia saini. Tarehe 6 Aprili 1970 alipewa karatasi ya kuhamisha winchi namba 1174 kutoka Eddershaw kwenda mgodi wa Low Brockley, kilomita nne kutoka hapa, naye akaiandika kadi kama alivyoandika nyingine zote. Baba yake, aliyeachwa bila winchi, alipandishwa juu ya ardhi kuchambua mawe kwenye makaa pamoja na wazee na majeruhi, na jioni ile mezani aliuliza, "Ni mjinga gani aliyetia saini?" Norma akajibu, "Ni mimi, baba." Mzee Septimus alitafuna kwanza, akameza, kisha akasema, "Basi angalau mwandiko ulikuwa mzuri." Hawakulizungumza tena hadi mzee alipofariki mwaka 1982, na mimi mwenyewe nililijua mwaka 2010 tu.

Mimi nilikuja Eddershaw Julai 1969, nikitoka chuo kikuu cha Newcastle, kuwa msaidizi wa mpimaji wa mgodi, na nilikutana na marehemu nilipokwenda ofisini kwake kuuliza uzito wa mashine moja, akaniambia nirudi na barua, nikarudi na barua, akaniambia haina tarehe, nikarudi mara ya tatu. Tulifunga ndoa katika kanisa hili siku ya Jumamosi, tarehe 18 Septemba 1971, tukaishi pamoja miaka arobaini na minne na siku kumi. Mungu alitujalia watoto watatu, Judith aliyezaliwa tarehe 2 Juni 1974, Colin aliyezaliwa tarehe 30 Novemba 1977, na Ruth aliyezaliwa tarehe 11 Februari 1980 akaishi siku nne, na leo Norma atalazwa karibu naye.

Wakati wa mgomo mkubwa wa wachimbaji, mwaka 1984 hadi 1985, alikuwa akitoka kazini kila jioni na kwenda kumenya viazi katika jiko la ukumbi wa kijiji, wiki hamsini na moja mfululizo. Mgodi wetu ulifungwa Ijumaa, tarehe 24 Oktoba 1986, shimo likajazwa, mnara ukaangushwa, uwanja ukapandwa majani, na mimi ndiye niliyechora ramani ya mwisho ya mahali ambapo hakuna mtu atakayekanyaga tena. Machi 1987 ofisi ya mitambo nayo ilifungwa na kadi zikawekwa nje zichomwe, naye akaandika barua kuomba kadi 412 za mashine zilizowahi kufanya kazi Eddershaw, akasubiri jibu la maandishi, akalipata, ndipo akazibeba nyumbani katika droo ya chuma iliyokaa chini ya kitanda chetu miaka ishirini na miwili. Baadaye alifanya kazi katika maktaba ya kijiji hadi alipostaafu Machi 2009.

Novemba mwaka huo iliundwa kamati ya kujenga kumbukumbu ya mgodi, mwenyekiti akiwa Bwana Wilf Stobbs, aliyekuwa mlinzi wa mlango wa shimo, na katibu akiwa marehemu. Kamati ilitaka kufanya kama vijiji vingine, yaani kutafuta gurudumu moja la mnara wa kuwashushia watu shimoni, kulikata nusu, kulizika katika zege na kupanda maua mbele yake, na Wilf alikuwa amekwisha kupata la kununua, kutoka mgodi wa mbali ambao hakuna mtu wa hapa aliyewahi kuuona. Norma alikataa. Wilf alisema, "Norma mama, gurudumu ni gurudumu," naye akamjibu mbele ya kikao kizima, "Basi Wilf, tukikuzika tuweke picha ya mtu yeyote tu, maana sura ni sura." Wilf alicheka kuliko wote, kisha akauliza kama basi yeye Norma anajua mahali ilipo hata mashine moja iliyokuwa yetu kweli, na Norma akasema hajui, lakini anazo namba.

Alifanya kazi hiyo miaka minne na nusu, kila siku ya juma kuanzia saa tatu hadi saa sita mchana, kwenye meza ya jikoni. Kati ya mashine 412, alithibitisha kwamba 287 ziliachwa chini ya ardhi, ambako maji yamezifunika, na hizo aliziwekea alama ya bluu, na 124 aliziandikia maneno "imeyeyushwa" au "haijulikani" baada ya kuwaandikia barua mameneja wastaafu, wauza vyuma chakavu, wakulima, na mtu mmoja huko Wales aliyemjibu kwa kurasa tisa kuhusu mambo mengine. Aliandika barua 163. Nilimwambia zaidi ya mara moja kwamba hesabu haimpi matumaini, naye alisema hesabu ni yangu, barua ni zake. Tarehe 20 Mei 2014 barua ya 163 ilijibiwa na Bibi Isobel Charlton, mwenye kiwanda cha matofali kilichofungwa katika bonde la Tyne, akisema kwamba katika banda lake kuna winchi ya zamani ya mgodini ambayo marehemu mumewe aliinunua mwaka 1981 kwa ajili ya kuvuta udongo, na kibati chake kinasomeka 1174.

Siku hiyo ndipo ilipojulikana kwamba mashine iliyobaki ni moja, nayo ni ile ya baba yake.

Bibi Charlton hakutaka chochote kwa winchi yake, ila alitaja jambo moja, kwamba juma hilohilo amepokea barua ya Bwana Cuthbert Raine, katibu wa kumbukumbu ya mgodi wa Low Brockley, ambaye naye anaitaka, kwa sababu winchi hiyo ilifanya kazi kwao miaka kumi na moja, na huko iliitwa Mke wa Meneja, maana ilianza kupiga kelele saa kumi na mbili asubuhi. Alisema yeye ni mjane, hataki kuwa hakimu, wapatane, na atakayeshinda aje na lori.

Hawakupatana. Vikao vilikuwa vitano, na mimi niliandika kumbukumbu za vitatu, kwa hiyo najua kilichosemwa. Wilf aliwaambia watu wa Low Brockley, "Ninyi mliikuta tayari imezeeka, sisi ndio tuliioa ikiwa msichana," na Cuthbert akajibu, "Mkaiacha, Wilf, mkaiacha, sisi ndio tuliozeeka nayo." Nani asemaye kweli kati ya hao sijui hadi leo. Mwishowe Cuthbert alipendekeza jambo ambalo pande zote mbili zililikubali bila hata kulijadili, kwamba ipigwe kura.

Nieleze kidogo kwa ajili ya vijana. Kura hii si ya kuchagua viongozi. Katika migodi ya Durham, tangu kabla ya babu zetu, wachimbaji hawakupangiwa mahali pa kukata makaa na bosi wala na rafiki wa bosi, majina yalitiwa kofiani na kila mtu akapata mahali ambapo mkono ulimpa, pakavu au penye maji, penye makaa mazito au membamba ya kukatwa umelala ubavu, na aliyepata pabaya alikwenda huko bila kunung'unika, kwa sababu hakuna mtu aliyemfanyia hila. Cuthbert aliandika mkataba wa ukurasa mmoja, akaweka ndani yake sentensi ambayo alijivunia, kwamba winchi itapigiwa kura "kwa desturi ya mashimo yote mawili, bila kuongeza wala kupunguza", na makatibu wote wawili wakatia saini.

Wakati huo marehemu alikuwa ameanza kuumwa. Alikuwa na maumivu ya tumbo tangu Oktoba 2014 ambayo aliyaita gesi, na tarehe 19 Januari 2015 Daktari Anjali Menon alituambia kwamba ni saratani ya kongosho, kwamba haiwezi kukatwa, na kwamba tuyapange mambo ya kiangazi lakini tusiyapange ya Krismasi. Norma alimshukuru, akauliza kama tarehe 11 Aprili atakuwa anaweza kusimama. Daktari alidhani ni harusi.

Jumamosi, tarehe 11 Aprili, katika ukumbi wa Low Brockley, karatasi mbili zilitiwa katika kofia ya Wilf, moja ikiwa na namba 1174 na nyingine tupu, na kwa kuwa mgeni huanza, Norma alitangulia, akaingiza mkono, akatoa karatasi tupu. Aliikunja mara mbili, akaitia mkobani, akampa Cuthbert mkono. Tulipokuwa njiani kurudi, mimi nikiendesha na Wilf akiwa nyuma akitukana kila taa ya barabarani, tulifika daraja la reli ya zamani, ndipo marehemu akasema, "Edwin, ile kura ya baba, alipopata sehemu yenye maji mwaka hamsini na tatu, alikaa humo muda gani?" Nikamwambia, wiki kumi na tatu, kama kila mtu, kura zilipigwa kila robo mwaka. Akasema, "Bila kuongeza wala kupunguza."

Wilf alipiga kelele kiasi kwamba nilisimamisha gari.

Hapo ndipo kosa lilipokuwa, na lilikuwa letu sote, watu wazima arobaini waliokulia chini ya desturi hiyo, ambao tuliichukua kura iliyotengenezwa kwa ajili ya robo mwaka tukaipigia jambo la milele, wala hakuna aliyegutuka, kama vile mtu asivyohesabu vidole vyake kila asubuhi. Nilimwambia marehemu kwamba huo ni ujanja wa mawakili. Alikasirika, akasema ujanja ungekuwa kunyamaza hadi wiki ya kumi na tatu, na Jumatatu yake aliandika barua kwa Cuthbert, nusu ukurasa, akimpongeza kwa ushindi na kumwomba asimwage zege kabla ya tarehe 11 Julai.

Cuthbert alikuja nyumbani siku mbili baadaye, hakuvua koti, akasimama jikoni kwetu na kusema, "Norma dada, hii ni mashine ya tani sita! Si mchimbaji wa kuhamishwahamishwa!" Norma alimwekea chai na mkate wenye nyama, akamwambia, "Kaa chini, Cuthbert. Hata wachimbaji walikuwa na uzito wao, na hakuna aliyewaonea huruma."

"Kijiji changu kizima kitanicheka."

"Kitakucheka kwa sababu umeandika vizuri. Mimi ningeandika vibaya, tungekuwa tumekwama."

Cuthbert alikula mkate. Kisha akasema jambo hilo haliwezi kuamuliwa na wao wawili, na wakakubaliana kumwuliza Mzee Lancelot Coxon, mwenye miaka tisini na moja, aliyeshika kofia ya kura katika mgodi wa Low Brockley kwa miaka ishirini, ambaye hakuna mtu wa pande hizo angethubutu kumpinga. Mzee Lancelot alisomewa mkataba mara mbili kwa sababu ya masikio yake, akasema, "Mama anasema kweli. Robo ikiisha, kura imekufa. Unadhani kwa nini hatukuuana?" Cuthbert alitoka kwake akiwa mwekundu, na nataka isemwe hapa kanisani kwamba hakurudi nyuma katika neno lake hata hatua moja. Winchi ilikuwa tayari katika uwanja wao, juu ya mataruma ya reli, shimo la msingi likiwa limechimbwa, naye aliwazuia watu wake wasimwage zege, na kwa kufanya hivyo alipoteza marafiki.

Mwezi Juni marehemu alipungua sana. Alikuwa akilala mchana, chakula kilimshinda isipokuwa supu ya mbaazi, na muuguzi Sheila Tulip alikuja kila asubuhi, akamkuta kila asubuhi ameshika karatasi. Jumamosi, tarehe 11 Julai, nilimpeleka kwa kiti cha magurudumu katika ukumbi wetu, watu mia na ishirini wakiwa wamesimama hadi barabarani, na safari hii mgeni alikuwa Cuthbert, akatangulia, akatoa karatasi tupu. Kelele zilizopigwa sizielezi, wengi wenu mlizipiga. Marehemu hakuingiza mkono kofiani hata kidogo, na alisema hiyo ndiyo sehemu iliyomuudhi.

Bella alifika Eddershaw Jumatano, tarehe 22 Julai, saa tano na robo asubuhi, akashushwa nyuma ya ukumbi na gari la kunyanyulia, akiwa na kutu begani na ngoma yake ya kamba bado inazunguka kwa mkono. Norma aliomba asogezwe karibu, akasoma kibati kwanza, kisha kadi, kisha kibati tena, ndipo akaweka mkono kwenye mpini wa breki, mahali ambapo chuma kimelika kwa sababu ya viganja vya mtu mmoja kwa miaka kumi na minne, akaukalisha hapo. Nilitazama saa, kwa sababu sikujua nitazame wapi, na zilikuwa dakika sita.

Wilf naye alikuwa na mchanganyiko wa zege tayari. Alimnong'oneza, nami nikasikia, "Sasa mama, tumwage leo, tunyamaze, wataamkia kitu kigumu." Norma aliondoa mkono kwenye mpini, akamtazama, akasema, "Wao walituachia shimo wazi wiki kumi na tatu, Wilf. Wewe unataka kuwa mdogo kuliko Cuthbert?" Zege halikumwagwa. Juma lile Norma na Cuthbert waliandika ukurasa wa pili wa mkataba, kwamba kwa kuwa mashine haiwezi kuhama kila robo hadi mwisho wa dunia, kura ya tatu, ya tarehe 10 Oktoba 2015, katika ukumbi wa Low Brockley, itakuwa ya mwisho, na mahali itakapoangukia ndipo winchi itazikwa miguu yake. Norma ndiye aliyelipendekeza hilo, wakati Bella yuko kwetu tayari, na kuna watu katika kanisa hili ambao bado hawajamsamehe, na ninawajua.

Nilimwuliza kwa nini. Ilikuwa tarehe 26 Septemba, Jumamosi mchana, dirisha liko wazi, naye alikuwa hainuki tena kitandani. Nilimwambia kwamba Cuthbert ni mtu mwema, kwamba akijua hali ilivyo atatuachia, kwamba yeye Norma anaweza kulala akijua Bella amebaki. Alinijibu polepole, kwa vituo, na niliyaandika aliponyamaza, hivyo nayasoma kama yalivyo: "Usiwaruhusu watuachie. Wakituachia, itakuwa zawadi ya Low Brockley. Kila mtoto atakayepita pale ataambiwa, hii walitupa watu wema wa kule kwa sababu mama mmoja alikuwa anakufa. Sikuandika barua mia na sitini na tatu ili nionewe huruma. Ikija, ije kwa mkono. Ikienda, iende kwa mkono, nanyi mwende mkawasaidie kupakia."

Mauti yalimfika Jumatatu, tarehe 28 Septemba 2015, saa nane na dakika ishirini mchana, nyumbani kwetu, akiwa na miaka sitini na sita, Judith akiwa upande wa kulia wa kitanda, Colin upande wa kushoto, nami miguuni. Ameacha mume, watoto wawili na wajukuu watatu.

Juzi Jumanne Bwana Cuthbert Raine alikuja nyumbani na wenzake wawili wa kamati, safari hii wamevua kofia, akasema, "Bwana Nattrass, tumekaa, tumeamua wote, hakuna aliyepinga. Ibaki kwenu. Jumamosi hakuna kura." Niliwaomba wanipe dakika chache, nikawaacha na Judith na chai, nikatembea hadi nyuma ya ukumbi.

Mimi ni mtu wa vipimo, na sitawaambia leo kitu ambacho hakikuwa. Nilitaka kusema ndiyo. Mpini ule ni kitu cha mwisho alichokishika nje ya nyumba, na ningeweza kupita hapo kila asubuhi nikienda kununua gazeti hadi siku zangu zitakapokwisha, na nilichotakiwa kufanya ni kurudi jikoni na kumwambia mtu mwema ahsante. Nilisimama pale muda gani sikupima. Kisha nilirudi, nikawashukuru, nikawaambia hapana, kura ipo, saa nne asubuhi, kwenu. Cuthbert aliigeuzageuza kofia yake, akauliza, "Alikwisha kukuagiza?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Ningeshangaa kama asingeagiza," na ndipo alipolia, mtu wa miaka sabini na mitatu, katika kiti kilekile alichokalia akila mkate.

Kwa hiyo natangaza, kwa niaba ya familia na ya kamati, kwamba kura ya mwisho ya winchi namba 1174 itapigwa keshokutwa, Jumamosi, tarehe 10 Oktoba, saa nne kamili asubuhi, katika ukumbi wa Low Brockley, na kwa kuwa mgeni huanza, mkono wa kwanza utakuwa wangu. Gari la kunyanyulia limekwisha kuagizwa kwa ajili ya Jumatatu, tarehe 12, marehemu aliliagiza mwenyewe mwezi Agosti, fomu ni kwa mwandiko wake, na mahali palipoandikwa "peleka wapi" amepaacha wazi. Tukishindwa, naomba wanaume wa Eddershaw wawe nyuma ya ukumbi Jumatatu saa mbili asubuhi kwa ajili ya kupakia, pamoja na wewe, Wilf.

Familia inamshukuru Daktari Anjali Menon na wauguzi wa wodi ya saratani, waliomwambia ukweli kila alipouuliza, muuguzi Sheila Tulip, aliyekuja siku mia na mbili bila kukosa hata moja, majirani wa mtaa wetu, ambao vyombo vyao vya chakula viko jikoni vimeoshwa na vina majina, wafanyakazi wenzake wa ofisi ya mitambo na wa maktaba, Bibi Isobel Charlton aliyesafiri kutoka bonde la Tyne, Mzee Lancelot Coxon ambaye ameletwa leo ingawa baridi ni kali, kamati zote mbili, na Bwana Cuthbert Raine, ambaye marehemu alisema ndiye mtu pekee aliyewahi kumshinda kwa haki.

Norma, umefanya yote uliyoandika kwamba utayafanya. Pumzika sasa, amani iwe juu yako. Jumamosi nitaingiza mkono, na mkono ukitoka, nitautii.